Bahari Yetu ya Nsambya

Dereva wa lori alionja bahari yetu kwa kijiko cha chai, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba, kisha akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Hii ni supu. Bahari yenyewe inakushika hapa." Akajigusa koo.

Dada yangu akaongeza chumvi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la bluu, lile ambalo Mama hulowekea maharagwe, akikoroga kwa mwiko. Dereva akachota tena, akafumba macho, na sisi wawili tukabaki kumtazama usoni, kwa sababu katika nyumba zile zote za polisi pale Nsambya hatukumjua mtu mwingine aliyewahi kuingia baharini.

"Ongeza, Injinia. Usiogope."

Alipoonja mara ya mwisho uso wake ulijikunja hadi macho yakapotea. Akakohoa, akacheka, akajipiga paja. "Hapo! Wallahi, hapo. Sasa uko Mombasa."

Mama akatokea mlangoni na ungo wa mukene, vile visamaki vya rangi ya fedha anavyouza sokoni Ggaba tangu astaafu upolisi. Dereva ni jirani yetu wa siku zote, na sijawahi kumsikia akimwita Mama kwa jina.

"Wewe dereva, unakunywa nini kwa beseni yangu?"

"Bahari, Afande."

"Na maharagwe yangu yatalala wapi leo? Kwa bahari?"

"Si utapika bila kununua chumvi, Afande!"

Mama alituangalia mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiwaangalia watuhumiwa, akarudi ndani. Tulimsikia akisema peke yake: "Mtu anazaliwa karibu na ziwa kubwa namna hii, halafu anatafuta maji ingine."

Hilo ndilo lililokuwa swali. Ziwa tunalo. Ukishuka Ggaba unalikuta limejaa mitumbwi na harufu ya samaki, na maji yake hayaishi hadi upeo wa macho. Lakini ni maji baridi, yasiyo na chumvi, na dada yangu alikuwa anatengeneza betri inayotaka chumvi. Alianzia ziwani hapo hapo. Baada ya kumaliza masomo ya kemia alipata kazi Makindye, kwenye duka la kutengeneza sola, na wavuvi wa mukene walikuwa wakimletea betri za taa zao, zile wanazowasha ziwani kuwavuta samaki. Betri zilikufa, akazifufua, zikafa tena. Siku moja alirudi nyumbani na wazo la taa isiyohitaji kuchajiwa, taa ambayo mvuvi angeiwasha kwa kumimina ndani yake maji yaliyo chini ya chombo chake. Wazo lilikuwa zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba wavuvi ambao lingewafaa walikuwa mbali, na Kenya nzima ilikuwa imelala kati yetu na wao.

Kisanduku chake kilikuwa gamba la betri ya zamani ya bodaboda, lenye vyumba vidogo. Katika kila chumba alisimamisha kipande cha magnesiamu, alichokikata kutoka kwenye fimbo za mashine mbovu za kuchemshia maji zinazouzwa na watu wa vyuma chakavu kule Katwe. Mbele ya kila kipande aliweka wavu wa waya uliokandikwa mkaa wa kusaga, mkaa wa sigiri yetu wenyewe. Ukimimina maji ya bomba, hakuna kitu. Ukimimina maji ya chumvi, balbu ndogo juu ya kisanduku inafumbua jicho.

Nilidhani umeme unatoka kwenye maji. Ndivyo nilivyotaka iwe, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa riwaya na napenda mambo yatoke majini. Alinisahihisha mara nyingi, bila hasira, akiwa amelala chali kwenye kitanda chake kilicho mkabala na changu.

"Magnesiamu ndiyo inaliwa. Mkaa unavuta hewa. Maji ya chumvi ni barabara tu, mdogo wangu. Umeme unapita juu yake."

"Kwa hiyo bahari haifanyi kitu?"

"Inaruhusu. Hiyo nayo ni kazi."

Magnesiamu inapoliwa huacha matope meupe, mazito kama uji wa mtoto. Ukisogeza magnesiamu na mkaa karibu sana, uji unajaa katikati na taa inazimika. Ukiviweka mbali sana, barabara inakuwa ndefu na taa inafifia. Ubunifu wake wote ulikuwa katika ile nafasi nyembamba kati ya viwili hivyo. Alikaa miezi mingi akiihangaikia, akipenyeza vipande vya kadi ya simu kupima upana, akivitoa, akivirudisha. Mimi nilikuwa nikiandika upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Nilipomaliza kurasa nilimpa, naye alizisoma koleo likiwa bado mkononi, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa mikutano yetu ya waandishi mjini aliyewahi kuniuliza: "Huyu mwanamke wako, tangu ukurasa wa kwanza hajala. Ataweza kweli kulia namna hii na njaa?"

Nataka ieleweke jinsi nilivyokuwa nikimpenda kwa maswali kama hayo.

Kisha karakana moja ya pwani ikamjibu. Watu hao hutengeneza taa za wavuvi wa baharini, na alikuwa amewaandikia bila kutuambia. Wakasema kazi yake inawavutia, na kwamba nafasi ipo ya mtu wa kubuni betri, ila kwanza watumiwe video: taa ikiwaka kwa maji ya bahari yenyewe, tangu asubuhi hadi jua kuzama, bila maji kubadilishwa na bila mkono wa mtu kuingia kwenye kisanduku. Ikiwaka, aje. Isipowaka, wangemchukua mwingine, kwani walikuwa nao wengine.

Alitusomea hayo wakati wa chakula cha mchana. Mama hakusema nenda, wala hakusema usiende. Aliuliza kama pwani kuna misa.

"Iko, Mama."

"Na mvua?"

"Iko."

"Sasa kitu gani haiko huku?"

Nikamwona dada akitafuta jibu lisilomuumiza mtu, na nikajua kwamba keshaondoka, mwili tu ndio uliokuwa ukisubiri video.

Basi ndipo tukaanza kutengeneza bahari ya kujaribia. Mtu atauliza kwa nini hakupima tu. Alipima. Vitabu vinataja kiasi cha chumvi kilichomo kwenye lita moja ya bahari, na yeye alikijua kwa kichwa. Lakini mizani tuliyokuwa nayo ni ya Mama, ya kupimia mukene, na springi yake ilikuwa imechoka hadi wateja waliifanyia utani. Kati ya mizani isiyoaminika na mtu ambaye bahari ilishawahi kumwingia mdomoni, dada yangu aliuamini mdomo. Kwa bahari ile ya beseni alirekebisha nafasi zake zote. Aliziachia upana wa kutosha uji mweupe uanguke chini bila kuziba, na taa iliwaka kutwa nzima, nyeupe, bila kutetereka. Siku hiyo alicheza ngoma jikoni. Nilicheza naye. Sikujua nilikuwa nafurahia nini.

Dereva alileta bahari yenyewe baada ya safari yake iliyofuata, kwenye jerikeni la njano lililofungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira. Alilishusha kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Mpaka pale mpakani waliniuliza ni nini," alisema. "Nikasema maji. Wakasema, unatoa maji Mombasa unapeleka Uganda, Uganda imekauka? Nikasema, ni ya Injinia. Wakanusa, wakaniacha."

Dada alifungua. Harufu iliyotoka haikuwa kama ya beseni letu. Ilikuwa na kitu kilichokufa na kitu kilicho hai ndani yake. Akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena.

"Mbona nyepesi?"

"Nyepesi vipi? Nimechota mwenyewe. Nimeingia na suruali."

Nikaonja na mimi. Ilikuwa chumvi, ndiyo, lakini karibu na ile tuliyoikoroga nyuma ya nyumba ilikuwa kweli supu. Dereva akaonja wa mwisho. Alisimama, jerikeni kati ya miguu yake, na mtu mzima yule akaona haya kama bibi harusi.

"Injinia," alisema, "ile siku mimi niliingia bahari, nilikuwa bado turniboi, utingo tu wa lori. Mawimbi ilinibeba. Nilikunywa mpaka walinivuta na shati. Labda ndiyo maana."

"Labda ndiyo maana nini?"

"Labda yangu ilikuwa na chumvi mingi kwa sababu nilikuwa nakufa."

Dada alicheka hadi akakaa chini kwenye saruji. Mama alitoka ndani kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka akishika fremu ya mlango. "Huyu ametupikia bahari ya woga!" Dereva alicheka kuliko wote, kwa nafuu. Tumebaki na msemo huo nyumbani. Chakula kikizidi chumvi, ni bahari ya woga.

Lakini kicheko kilipokwisha, dada alimimina ile bahari halisi kwenye kisanduku, na balbu ikatoa mwanga wa njano, dhaifu, kama jicho la mtu mwenye homa. Nafasi alizozipanga zilikuwa za bahari nyingine, ya mtu mmoja, ambayo haiko popote duniani. Akasogeza vipande karibu. Taa ikang'aa. Tukaiweka mezani tukaitazama, na kabla ya saa ya chakula uji mweupe ulikuwa umejaa katikati, na ikazimika. Jerikeni lilikuwa limebaki nusu, na dereva alikuwa ameshapakia mzigo wa Juba. Muda waliotoa watu wa karakana usingemsubiri arudi na aende tena pwani.

Kwa siku kadhaa dada alikaa mbele ya kisanduku. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nilikuwa nikimtazama na moyo wangu umegawanyika. Sehemu moja ilikuwa ikimwombea. Nyingine ilikuwa ikisikiliza jinsi chumba kilivyojaa pumzi zake, na kuwaza jinsi kitakavyokuwa. Sikuzipatanisha sehemu hizo mbili. Niliziacha zikae pamoja kama wapangaji wasiosalimiana.

Asubuhi moja aliinuka na kusema: "Taa ni ya mtumbwi. Mimi naijaribu juu ya meza. Meza haitikisiki."

Ndiyo maana tulikwenda Ggaba na maji. Mama alizungumza na mvuvi mmoja, mteja wake, aliyekubali kutupa mtumbwi wake na yeye mwenyewe kwa kutwa. Tulipokuwa tukiteremsha jerikeni ufukweni, vijana waliokuwa wakianika mukene waliacha kazi.

"Nyabo, bibi, mnaleta maji ziwani? Haijatosha?"

"Nunueni na samaki, mlete hapa!"

"Afande, leo umekamata nani? Taa?"

"Nitakukamata wewe," Mama alisema, akapanda.

Hakuwa amealikwa. Alipanda tu, akakaa katikati na pochi yake mapajani kama mtu aendaye kanisani. Mvuvi alitusukuma hadi mbali kidogo na mitumbwi mingine, akatia nanga. Dada alimimina bahari kwenye kisanduku mbele ya simu niliyoishika, akafunga kifuniko, akainua mikono yake juu ili ionekane ni mitupu. Balbu ikawaka. Akaketi akikalia viganja vyake, asije akavisahau.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ziwa lilikuwa likitupandisha na kutushusha polepole, na ndani ya kisanduku uji mweupe ulikuwa ukiteleza na kuanguka kama alivyotarajia. Nilikuwa nimeifunga simu kwenye kijiti, na waya wake umeunganishwa na chaji ya kubebea mkononi. Mvuvi alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu.

"Injinia, kwa nini simu isichajiwe na hiyo betri yako?"

"Bado ni ndogo."

"Kale, sawa. Basi ikikua niite."

Tulikula viazi vitamu na mukene wa kukaanga. Mama alisimulia habari za kazi yake ya zamani, za mwizi aliyejificha kwenye pipa la pombe. Nilimwona dada akicheka na jua usoni, nikawaza kwamba huenda nisimwone tena hivi, ametulia, hana mahali pengine pa kuwa. Kisha baada ya adhuhuri upepo ulikatika.

Ziwa lilikufa ghafla. Maji yakawa kama sahani. Mtumbwi ukasimama, na sote tukaitazama balbu. Mwanzoni haikubadilika. Baadaye ikawa ya njano. Kupitia ubavu wa kisanduku, ambao ulikuwa plastiki ya kuonyesha ndani, ule uji ulionekana ukipanda, mweupe. Jua lilikuwa bado juu. Dada alikuwa amekalia mikono yake na midomo yake imekauka.

Nilijua kitu kimoja kwa uwazi: ziwa likibaki limetulia, dada yangu anabaki Nsambya. Sikuomba upepo. Wala sikuomba utulivu. Nilishika kijiti cha simu.

Mama alisimama.

"Afande, kaa! Utatumwaga!" mvuvi alipiga kelele.

"Nyamaza wewe. Walisema mkono." Akaweka pochi chini, akapanua miguu, akakunja kitenge chake kiunoni. "Mimi sijasikia wakisema kiuno."

Akaanza kuyumba. Kulia, kushoto, kwa uzito wake wote, kama wanavyocheza kwao kaskazini kwenye arusi, mabega yametulia na kiuno ndicho kinachofanya kazi. Mtumbwi ukaitika. Maji yakaanza kupiga ubao, na kutoka ufukweni vijana wa mukene wakapiga mayowe na vigelegele, mmoja akaanza kugonga debe. Mama hakuwatazama. Aliitazama balbu, na uso wake haukuwa wa furaha hata kidogo. Alikuwa akifanya kazi, kama mtu anayebeba kitu kizito kukitoa nje ya nyumba yake.

Ule uji ukatikisika. Ukapasuka kipande, ukateleza. Mwanga ukapanda kidogo.

"Wewe mwandishi," alisema akihema, "unaandika nini hapo? Mimi ni mzee. Simama!"

Nikampa mvuvi kijiti. Nikasimama mkabala na mama yangu, nikamshika mikono ili tusianguke, na tukauyumbisha mtumbwi pamoja. Alipokwenda kulia nilikwenda naye. Jasho lilinitiririka machoni. Kila tulipoyumba niliona balbu ikiwa nyeupe zaidi, na kila ilipokuwa nyeupe nilihisi chumba chetu kikipungukiwa kitu: kwanza koleo mezani, kisha kandambili zake chini ya kitanda, kisha sauti yake. Hata hivyo niliyumba. Nilikuwa sijawahi kumtakia mtu jambo kwa mwili wangu wote, na jambo lenyewe lilikuwa aondoke. Dada alitutazama kutoka chini, amekalia mikono yake, machozi yanashuka, na hakuweza hata kuyafuta.

Tulipumzika, tukayumba tena, tukapumzika. Jioni upepo mdogo ulirudi ukatupokea kazi. Jua lilipoingia nyuma ya vilima vya Makindye taa ilikuwa inawaka.

Alituma video ile bila kukata kitu, pamoja na kiuno cha Mama. Walimjibu kwamba aje, na wakauliza yule mhandisi mwenye kitenge ni nani.

Ni muda sasa. Dada anaishi pwani kwenye nyumba yenye ghorofa, kazini wanamcheka Kiswahili chake, na anasema amekwishajifunza kusema "maji haya" badala ya "hii maji", ila akikasirika anasahau. Kisanduku chake kipya kina tumbo la duara, kinajitikisa chenyewe. Anaponieleza kwa simu hunyamaza katikati, na mimi hunyamaza, na tunasikiliza: yeye anasikia bodaboda na kengele ya misheni, mimi nasikia kitu kinachovuma ambacho anasema ndiyo bahari. Nimeanza riwaya nyingine. Wahusika wangu wanakula sana siku hizi, lakini hakuna anayekuja mezani kuniuliza kitu kingine.

Dereva anasema wiki ijayo anashuka pwani na kiti cha pembeni kitakuwa kitupu. Aliniambia mbele ya Mama. Mama aliendelea kupepeta mukene wake, vumbi la samaki likimzunguka, na kabla sijafungua mdomo kusema kama nakwenda au siendi, aliuliza nitarudi lini.